KARATASI HUNYWA MAJI: MAMBO YAPASAYO KUJULIKANA JUU YA KUHIFADHI KARATASI ZA KUPIGIA CHAPA

Mtu anunuapo kitabu cha shule chenye picha za rangi, aghalabu hutazama picha zenyewe, wala haifikirii karatasi iliyozibeba. Akiona ramani ya Kenya ambayo rangi ya buluu ya Ziwa Victoria imevuka ukingo wake na kuingia nchi kavu, au picha ya mbu yenye miguu inayoonekana kama kwamba ni maradufu, husema kwamba mashine ilikuwa mbovu au fundi alikuwa mvivu. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi mashine ilikuwa nzima, na fundi aliijua kazi yake barabara. Kosa lilikuwa limekwisha kufanyika siku nyingi kabla ya hapo, katika ghala, mahali karatasi zilipowekwa zikingoja zamu yao.

Jambo hili lawahusu watu wengi, si wapiga chapa peke yao. Mwalimu mkuu mwenye maboksi ya karatasi za mitihani, karani wa chama cha ushirika awekaye vitabu vya stakabadhi, mwenye duka la vifaa vya kuandikia, wote hao ni wahifadhi wa karatasi. Na kwa mwenye kiwanda kidogo cha chapa jambo hili ni la riziki. Katika kazi ya vitabu vingi, karatasi ndiyo aghalabu gharama ipitayo gharama zote. Wino utumikao ni wa makopo, lakini karatasi hununuliwa kwa tani. Aiharibuye karatasi ameiharibu faida yake, na pengine amempoteza mteja wake pia.

MAFUTA NA MAJI

Njia itumikayo sana siku hizi kwa kupiga chapa vitabu, magazeti, kalenda na vibandiko ni ile iitwayo ofseti. Asili yake ni uvumbuzi wa Alois Senefelder, aliyefanya kazi yake katika nchi ya Bavaria, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 18. Senefelder aliona kwamba mafuta na maji havipatani. Akaandika juu ya jiwe laini kwa wino wa mafuta, akalilowesha jiwe kwa maji, kisha akapaka wino. Wino ulishika penye maandishi, na penye maji ulikataa. Mwaka 1875 Mwingereza Robert Barclay aliitumia njia ya namna hiyo kwa kupiga chapa juu ya mabati, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Ira Rubel akatengeneza mashine ya kufanya kazi hiyo juu ya karatasi.

Katika mashine za sasa jiwe halimo tena. Mahali pake pana bamba jembamba la alumini lililozungushiwa silinda. Rola za maji hulilowesha bamba kwanza, kisha rola za wino hulipaka. Lakini bamba lenyewe haliigusi karatasi kamwe. Huacha alama yake juu ya silinda nyingine iliyovikwa blanketi la mpira, na blanketi hilo ndilo liigandamizalo karatasi na kuiachia chapa. Kwa kuwa mpira ni laini, chapa hutoka safi hata kama uso wa karatasi una vijibonde vidogo.

Katika maelezo hayo mna mambo mawili ya kushikwa. La kwanza ni kwamba maji yamo katika kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho, na karatasi kila ipitapo katika mashine hupata umande kidogo. La pili ni kwamba picha ya rangi haipigwi mara moja. Rangi nne, yaani buluu, nyekundu ya waridi, manjano na nyeusi, huwekwa moja juu ya nyingine kwa nukta ndogo mno zisizoonekana vema kwa macho matupu. Katika vitabu vya kawaida vyenye picha za rangi, nukta hizo hupangwa kiasi cha mistari 60 katika sentimita moja. Maana yake ni kwamba kutoka nukta moja hata ya pili hapafiki hata milimita moja ikigawanywa mara tano. Rangi zote nne hazina budi kukaa mahali pake hasa. Zikikosana hata kidogo, uso wa mtu katika picha huwa kama una ukungu, na herufi ndogo hazisomeki.

TABIA YA KARATASI

Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za miti, na pengine za majani au za pamba. Nyuzi hizo hupikwa, huoshwa, na kutiwa katika maji mengi mpaka ziwe kama uji mwepesi. Uji huo humwagwa juu ya wavu uendao mbio, maji yakachuruzika, kisha utando ubakio juu hukamuliwa na kukaushwa. Hata baada ya kukaushwa, nyuzi haziisahau tabia yake ya asili. Hunywa maji yaliyomo katika hewa, na hewa ikiwa kavu huyarudisha.

Tabia hiyo si ngeni kwa mtu wa Afrika Mashariki. Mpiga ngoma ajua kwamba ngozi ya ngoma hulegea usiku wa manyunyu, na hapana budi kuiotesha moto ipate kukaza. Mwenye nyumba ajua kwamba mlango wa mbao uliofunga vizuri wakati wa kiangazi hukwama wakati wa masika. Karatasi ina tabia ile ile, tena yenyewe hubadilika kwa haraka kuliko mbao, kwa sababu ni nyembamba na hewa huifikia pande zote.

Unyevu wa hewa hupimwa kwa sehemu katika mia. Hewa iliyoshiba maji kabisa, isiyoweza kuchukua zaidi, husemwa kuwa na unyevu wa 100. Hewa yenye nusu ya maji iwezayo kuyachukua ina unyevu wa 50. Katika hewa ya unyevu wa 50, karatasi ya kawaida huwa na maji kiasi cha sehemu 5 hadi 7 katika kila sehemu mia za uzito wake. Huenda hesabu hiyo ikaonekana ndogo. Lakini rimu moja ya karatasi za kuandikia za saizi ya A4, ambayo ina uzito wa kilo mbili na nusu, huwa imeficha maji kiasi cha gramu 150, yaani kama kikombe kidogo. Na rundo la kilo 500 lililo tayari kuingia mashineni huwa na maji kiasi cha lita 30, ambayo ni zaidi ya debe moja na nusu. Hapana mtu ayaonaye maji hayo, wala hayalowi mkononi, lakini yamo.

Tena nyuzi zinywapo maji hunenepa zaidi kuliko zinavyorefuka. Nazo katika karatasi hazikulala ovyo. Wavu wa kiwandani uendapo mbio huzivuta, na nyingi hulala kuelekea upande mmoja, kama mabua yaliyochukuliwa na mkondo wa mto. Kwa hiyo karatasi ikipata unyevu hupanuka sana kwa kukingama nyuzi, na kidogo tu kwa kufuata nyuzi. Atakaye kujua nyuzi zimelala upande gani na akate kipande kidogo cha karatasi, akiloweshe upande mmoja. Mara kipande hicho kitajikunja kama bomba, na urefu wa bomba hilo ndio mwelekeo wa nyuzi.

HESABU YA MILIMITA MOJA

Tuseme pana karatasi yenye upana wa milimita 900, na rangi ya kwanza imepigwa asubuhi. Ikapumzishwa hata kesho yake, usiku mvua ikanyesha na madirisha yalikuwa wazi. Karatasi ikapanuka kwa sehemu moja tu katika elfu. Sehemu moja katika elfu ya milimita 900 ni karibu milimita moja. Fundi aja asubuhi, atia bamba la rangi ya pili, apima, na aona kwamba rangi zikikaa vizuri upande wa kushoto, upande wa kulia zimeachana. Akizisogeza zipate kukaa upande wa kulia, basi upande wa kushoto huharibika. Milimita hiyo moja yapita nafasi ya nukta tano za picha.

Fundi asiyejua asili ya jambo hili hutumia mchana kutwa kuikaza na kuilegeza mashine, na kutupa mamia ya karatasi kwa majaribio. Lakini bamba ni la alumini, halikupanuka. Kilichopanuka ni karatasi, na hapana kifungo cha mashine kiwezacho kuirudisha sawasawa kama ilivyokuwa. Hata ikikaushwa tena, karatasi iliyokwisha kupata unyevu mwingi hairudii kabisa kipimo chake cha kwanza.

Jambo hili huwapata zaidi wenye mashine za rangi moja au mbili, ambazo ni nyingi katika viwanda vidogo vya mijini. Mashine kubwa ya rangi nne hupiga rangi zote katika safari moja, na karatasi haipati nafasi ya kubadilika sana. Mashine ya rangi moja huhitaji karatasi ipite mara nne, na kati ya safari na safari huenda zikapita saa au siku. Kwa hiyo mwenye mashine ndogo ndiye hasa apaswaye kuichunga karatasi yake.

KIWANDA CHA BROOKLYN, MWAKA 1902

Watu wengi waingiao katika afisi, benki au hospitali yenye mashine ya kupoza hewa hawajui kwamba chombo hicho kilizaliwa kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1902 kiwanda cha chapa cha Sackett na Wilhelms, katika mtaa wa Brooklyn mjini New York, kilikuwa na taabu kubwa. Wakati wa joto hewa ya mji ule hujaa unyevu, na karatasi zilipanuka na kusinyaa kati ya rangi moja na nyingine, hata picha zikaharibika na kazi ikachelewa.

Shauri lililetwa kwa kampuni ya Buffalo Forge, na kazi akapewa mhandisi kijana, Willis Carrier, aliyekuwa na umri wa miaka 25. Carrier hakuambiwa awaburudishe wafanyakazi. Aliambiwa aushike unyevu wa hewa usibadilike. Akatumia mabomba yenye maji baridi, akapitisha hewa juu yake kwa feni. Hewa ilipopoa ilishindwa kuyachukua maji yake yote, maji yakadondoka juu ya mabomba, na hewa iliyoendelea ikawa na unyevu aliouchagua, yaani 55 katika mia. Kutokana na kazi hiyo ikaendelea elimu yote ya kupoza hewa, iliyofika baadaye katika majumba ya sinema, maduka na nyumba za watu. Kiwanda kile hakikuwa cha ofseti, maana mashine ya Rubel ilikuwa bado. Lakini karatasi ni karatasi, na ugonjwa ulikuwa ule ule.

HEWA YENYE UNYEVU MWINGI

Rundo la karatasi likiwekwa wazi mahali penye unyevu, katikati ya rundo hubaki kama palivyokuwa, kwa sababu hewa haipenyi upesi. Kingo ndizo zinywazo. Kingo hupanuka na katikati hapapanuki, na kwa kuwa haziwezi kwenda mbali huinuka na kushuka kama mawimbi. Karatasi ya namna hiyo ikipita chini ya blanketi mawimbi yale hugandamizwa, na mara huwa makunyanzi yasiyotoka tena.

Unyevu huleta hasara nyingine pia. Wino wa kawaida wa ofseti hukauka kwa kunywewa kidogo na karatasi, na kwa mafuta yake kushikana na oksijeni ya hewa. Karatasi ikiwa na maji mengi, wino hukawia kukauka. Karatasi zikirundikwa hali wino bado mbichi, chapa ya ukurasa mmoja huhamia mgongoni mwa karatasi iliyo juu yake. Karatasi zile za kung'aa, zilizopakwa chokaa au udongo mweupe, zina hatari zaidi. Zikilowa, uso wake hunyofoka na kushikwa na blanketi, na zikilowa sana hushikana zote zikawa bonge moja kama tofali, zisifae kwa lolote.

HEWA KAVU

Watu wengine hudhani kwamba, maadamu unyevu ni mbaya, basi ukavu mwingi ni mzuri. Sivyo. Hewa ikiwa kavu mno, kingo za rundo hupoteza maji na kusinyaa, na katikati hubaki panapana. Hapo karatasi huvimba katikati kama sahani iliyofunikwa, na katika mashine hutoa kunyanzi vile vile, wala rangi hazikai mahali pake.

Tena hewa kavu huamsha umeme. Mtu aliyevua sweta ya sufu siku ya ukavu amesikia mlio mdogo wa cheche. Karatasi zikisuguana katika hewa ya unyevu ulio chini ya 40 hivi, hujaa umeme wa namna hiyo na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mashine iliyopaswa kuchukua karatasi moja huchukua mbili au tatu kwa pamoja. Hapo kazi husimama, na blanketi laweza kubonyea na kuharibika. Mwisho, karatasi kavu huwa ngumu, na ikikunjwa hupasuka penye mkunjo. Jalada zuri lililopigwa chapa vizuri huonyesha ufa mweupe mgongoni hata kabla kitabu hakijasomwa.

Kwa sababu hizo wapiga chapa wa nchi nyingi wamekubaliana juu ya kipimo cha kati. Hewa ya ghala na ya chumba cha mashine yafaa iwe na unyevu wa kiasi cha 50, usishuke chini ya 45 wala usipande juu ya 55, na joto liwe la digrii 20 hadi 25 za Sentigredi. Lililo kubwa zaidi ni kwamba hali ya ghala na hali ya chumba cha mashine ziwe sawa, na zisibadilike kila saa.

SAFARI YA KUTOKA MOMBASA

Katika Kenya jambo hili lina uzito wake wa peke yake, kwa sababu ya umbo la nchi. Karatasi nyingi za vitabu hutoka ng'ambo na kushushwa katika bandari ya Mombasa, usawa wa bahari, mahali penye joto na hewa iliyojaa unyevu. Kisha hupanda kwa reli au kwa lori mpaka Nairobi, palipo juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,700. Huko asubuhi za Julai ni za baridi, na mchana wa Januari na Februari hewa huwa kavu. Nyingine huendelea kupita Limuru penye ukungu, hata Kisumu na miji mingine ya magharibi. Basi karatasi moja huvuka hali za hewa tatu au nne katika siku chache.

Yafaa kujua lifanyikalo njiani. Hewa ya joto huweza kuchukua maji mengi kuliko hewa ya baridi. Chumba chenye ukubwa wa mita moja kila upande, hewa yake ikiwa ya digrii 30, huweza kuchukua maji gramu 30. Ikiwa ya digrii 20 huchukua gramu 17, na ikiwa ya digrii 10 huchukua gramu 9 tu. Sasa hewa ya digrii 30 yenye nusu ya maji yake, yaani gramu 15, ikifungiwa katika kontena na kupozwa hata digrii 20, inakaribia kushiba. Ikipozwa hata digrii 10, gramu 6 hukosa mahali pa kukaa. Maji hayo hutokea kama umande juu ya bati la kontena, nayo hudondoka juu ya mizigo usiku, ingawa nje hapakunyesha hata tone. Ndiyo maana karatasi nzuri hufungwa kwa plastiki au kwa karatasi nzito isiyopitisha maji, na kifungo hicho ni mali. Mchukuzi anayekitoboa kwa ndoano, au mpokeaji anayekichana ili kutazama rangi tu, amefungua mlango kwa adui.

WAKATI WA KUFUNGUA

Kosa litokealo mara nyingi kuliko yote ni haraka. Karatasi zimefika alfajiri zikiwa baridi, mteja anangoja, na fundi anazifungua papo hapo katika chumba chenye joto la watu na mashine. Linalotokea ni lile lile lipatalo chupa ya soda iliyotolewa katika barafu: hewa ya chumba ikigusa kitu baridi huacha maji yake juu yake. Kingo za karatasi hunywa maji hayo, na kabla ya saa sita mchana mawimbi yamekwisha kuonekana.

Dawa yake haina gharama. Karatasi ziletwe katika chumba cha mashine zikiwa zimefungwa, ziachwe hivyo hivyo mpaka zipate joto la chumba. Rundo dogo lililopishana na chumba kwa digrii chache huhitaji saa chache. Rundo kubwa lililo baridi sana huweza kuhitaji siku mbili au tatu, kwa sababu joto huingia polepole mpaka katikati. Fundi aweza kuingiza kipimajoto kati ya karatasi, akakilinganisha na kile cha ukutani. Vikisema hesabu moja, ndipo afungue.

MAADUI WENGINE

Unyevu si adui wa peke yake. Jua huigeuza karatasi kuwa ya manjano, hasa karatasi ya magazeti, ambayo ndani yake bado mna ule utomvu mgumu wa mti uitwao lignini. Dirisha lipigwalo na jua la saa tisa huweza kuonyesha mpaka wa rangi mbili katika rundo moja baada ya muda mfupi.

Vumbi nalo huleta madoa. Chembe moja ya vumbi ikikaa juu ya blanketi huacha alama nyeusi yenye pete nyeupe, na alama hiyo hurudiwa katika kila karatasi mpaka mashine isimamishwe na kusafishwa. Kwa hiyo haifai kukata karatasi kwa kisu kisichonolewa, wala kufagia ghala bila kunyunyiza maji kidogo sakafuni, wala kuacha marundo wazi karibu na barabara ya udongo.

Mchwa na panya hawahitaji kuelezwa sana. Mchwa huila karatasi kama ailavyo ubao, maana chakula chake kimo humo humo. Rundo lililoegemezwa ukutani humpa njia iliyofichika. Uzito nao una madhara yake. Marundo yakipandana mengi mno, yale ya chini hubonyea, na karatasi iliyopinda kwa kukaa juu ya mbao zilizopishana urefu haiwi nyofu tena.

MASHAURI KWA WENYE VIWANDA VIDOGO

Si kila mtu awezaye kununua mashine ya kupoza hewa na kulipia umeme wake. Lakini sehemu kubwa ya hasara yaweza kuzuiwa kwa uangalifu tu. Mambo yafuatayo yamo katika uwezo wa kiwanda chochote:

1. Ghala liwe chumba cha ndani, kisicho na ukuta upigwao na mvua wala jua la mchana. Paa lisivuje, na juu ya marundo pasipite bomba la maji.

2. Karatasi zisiwekwe juu ya sakafu ya saruji, kwa maana saruji huvuta maji ya ardhini. Ziwekwe juu ya mbao au paleti zilizo sawa, mbali na ukuta kwa kiasi cha kupita mkono, ili hewa ipite na mchwa waonekane mapema.

3. Kila rundo liandikwe tarehe ya kufika na mwelekeo wa nyuzi, na lililotangulia kuja litangulie kutumika.

4. Kifungo cha kiwandani kisifunguliwe mpaka siku ya kazi, na zifunguliwe zile tu zitakazotosha kazi hiyo. Zibakizo zifungwe tena jioni ile ile.

5. Kati ya rangi moja na nyingine, rundo lifunikwe kwa plastiki pande zote mpaka chini, hata kama fundi anakwenda kula tu. Plastiki isipokuwapo, turubai safi ni afadhali kuliko kuacha wazi.

6. Madirisha ya chumba cha mashine yafungwe wakati wa mvua na usiku. Sufuria ya chai isichemshwe karibu na karatasi.

7. Kila kiwanda kiwe na kipimo cha unyevu, kiitwacho haigromita. Kipimo cha kawaida si cha bei kubwa. Hesabu yake iandikwe asubuhi, adhuhuri na jioni katika daftari. Baada ya mwaka mmoja, mwenye kiwanda atakuwa na elimu ya hewa ya chumba chake mwenyewe, ambayo hapana kitabu kiwezacho kumpa.

8. Siku za ukavu mwingi, kitambaa kilicholowa kikitundikwa mbele ya feni, au sakafu ikipigwa maji mbali na karatasi, umeme wa karatasi hupungua.

Kwa karatasi zitakazokuwa vitabu kuna neno moja zaidi. Nyuzi zielekezwe sambamba na mgongo wa kitabu. Zikikingama, kila unyevu unapobadilika kurasa huvutana na gundi, kitabu hakifunguki vizuri, na majalada hupinda nje kama mbawa. Uamuzi huo hufanywa wakati wa kununua na kukata karatasi, wala hauwezi kurekebishwa baadaye.

NANI ATAKAYESHUKURIWA?

Kazi ya mtunza ghala haionekani. Kitabu kikitoka kizuri, sifa humwendea mwandishi, na mchoraji, na labda fundi wa mashine. Mtu aliyeamka usiku kufunga dirisha mvua ilipoanza hatajwi. Hata hivyo, mtoto aliye darasani mbali na mji, ambaye hajawahi kuliona ziwa, huisadiki ramani iliyo mbele yake. Ikimwonyesha maji mahali pa ardhi, atajifunza uongo bila kosa la mwalimu. Na muuguzi asomaye karatasi ya maelezo ya dawa ahitaji kuona tarakimu zilizo wazi, zisizo na kivuli cha rangi ya pili.

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kiwanda cha chapa ufa wenyewe ni dirisha lililoachwa wazi, kifungo kilichochanwa kabla ya wakati, au rundo lililolala sakafuni usiku mmoja. Kuuziba ni kazi ya dakika chache. Kuujenga ukuta ni kununua karatasi nyingine, kupiga kazi upya, na kumwomba mteja subira.